Mtandao Husingiziwa

Tuseme uko Biashara Street, leso umeshachagua, na muuzaji amegonga bei kwenye tableti yake. Simu yako inaleta kijisanduku, unatia PIN, meseji inaingia: pesa zimetoka. Tableti nayo imeng'ang'ania "haijalipwa". "Mtandao unasumbua, dadangu, hebu jaribu tena." Na wewe una haraka ya feri ya Likoni, unalipa mara ya pili.

Usilipe. Sisi tunaona hapo mtandao husingiziwa bure.

Programu ya duka haizungumzi na M-Pesa ana kwa ana. Inapitia lango la Safaricom liitwalo Daraja, na lango hilo lina lugha yake: funguo, saa, nywila zilizofumbwa. Fundi anayeandika kwa PHP au Python haanzi yote upya. Huchukua kiunganishi kilichoandikwa na mwenzake, yeye akasema tu "omba shilingi 700", kazi nzito ikafanywa huko ndani. Ni mkalimani, kama wale waliosimama baina ya nahodha wa jahazi na mfanyabiashara pale Bandari ya Kale. Hatuna ubaya naye. Ubaya ni mkalimani anayeruka maneno.

Maana Daraja hujibu mara mbili. Jibu la kwanza likiwa sifuri, maana yake ni "ombi limepokelewa" tu, hata PIN hujatia. Jibu la pili huja baadaye, kwenye anwani ambayo duka limeiandikisha: sifuri ni kwamba umelipa, 1 salio halitoshi, 1032 mteja ameghairi. Fundi akidhani sifuri ya kwanza ndiyo malipo, duka litatoa mzigo bure. Na jibu la pili likikuta mtambo wa duka umezimika, wewe ndiye utakayeambiwa ujaribu tena, ilhali pesa zishafika.

Dawa ipo, wala si ghali: Daraja huruhusu programu kuuliza "lile ombi limefikia wapi?" Kiunganishi kisichouliza hivyo, kwa maoni yetu, hakifai kukaa dukani, hata kiwe cha bure. Na kioo cha tableti kisiwe na maneno mawili tu, imelipwa na haijalipwa. Kuna "tunasubiri", na ndilo la kweli kwa sekunde kadhaa.

Mwenye duka ana haki ya kutoiamini meseji iliyo kwenye simu yako, za kughushi zipo. Basi mtajie namba ya muamala aitafute kwenye taarifa za till yake mwenyewe. Ikiwemo, chukua leso yako. Isipokuwemo, subirini pamoja, na yule kijana aliyemuuzia programu apigiwe simu hapo hapo.