Japani: Maji ya moto ya milimani yavuta wageni, wenyeji waulizana faida ni ya nani

Kila majira ya baridi, upepo mkavu kutoka Siberia huvuka Bahari ya Japani, hubeba unyevu na kuumwaga kama theluji juu ya milima ya Nagano, Niigata na kisiwa cha Hokkaido. Chini ya milima hiyo hiyo kuna moto wa volkano unaochemsha maji. Theluji juu, maji ya moto chini: ndiyo mali ambayo vijiji vya huko vimeishi nayo kwa miaka mingi. Leo mali hiyo inagombewa.

Mgeni anayelala katika hoteli ya kienyeji, inayoitwa ryokani, hulipa kwa kichwa, si kwa chumba. Bei huwa na chakula cha jioni na cha asubuhi. Anavua viatu mlangoni, anapewa vazi la pamba liitwalo yukata, na usiku anatandikiwa godoro juu ya mikeka ya tatami. Akitoka kwenye mchezo wa ski, anaoga kwanza kwa sabuni pembeni, kisha anaingia uchi katika birika la maji moto, wanaume kwao na wanawake kwao. Sabuni haiingii birikani, wala taulo. Hoteli nyingi bado zinakataa watu wenye chale mwilini, kwa sababu kwa muda mrefu zilihusishwa na magenge ya wahalifu.

Maji hayo yana sheria yake. Tangu mwaka wa 1948, maji yanahesabiwa kuwa onseni yakitoka ardhini na joto la digrii 25 au zaidi, ama yakiwa na madini yaliyotajwa katika sheria. Mgeni hulipa pia kodi ya kuoga, ambayo kwa kawaida ni yen 150 kwa siku, karibu dola moja, na pesa hizo huingia katika sanduku la mji au kijiji.

Yen imeshuka, wageni wameongezeka

Sababu kubwa ya msongamano wa sasa ni thamani ya pesa. Mwaka wa 2011, dola moja ilishuka hadi chini ya yen 80. Katikati ya mwaka wa 2024, dola hiyo hiyo ilifika yen 160. Chumba na chakula cha yen 30,000, ambacho zamani kingemgharimu mgeni zaidi ya dola 375, sasa kinapatikana kwa dola 200 hivi. Haishangazi basi kwamba mwaka wa 2024 Japani ilipokea wageni karibu milioni 37, idadi ambayo ilikuwa haijawahi kuonekana kabla ya mwaka huo.

Kwa Mjapani anayelipwa kwa yen, hesabu ni nyingine. Mshahara wake haukupanda mara mbili. Bei ikipandishwa kwa kumlenga mgeni mwenye dola, yeye ndiye anabaki nje ya mlango.

Lakini bila wageni hao, hali ingekuwa ngumu pia. Wajapani wanaocheza ski wamepungua sana tangu miaka ya 1990. Hesabu ya watu inashuka tangu karibu mwaka wa 2008, na vijana wanakimbilia Tokyo. Katika miaka ya 1980 inchi ilikuwa na ryokani zaidi ya 80,000. Kufikia mwaka wa 2017 zilikuwa chini ya 40,000. Wazee wengi walifunga kwa kukosa mtoto wa kurithi kazi. Ndiyo maana tangu 2019 serikali imefungua viza maalumu kwa wafanyakazi wa kigeni, wakiwemo wa hoteli.

Njia tatu, matokeo matatu

Mji wa Yuzawa, jimbo la Niigata, ni onyo. Treni ya kasi ilipofika mwaka wa 1982, na pesa zikawa nyingi mwishoni mwa miaka hiyo, wajenzi walisimamisha majumba marefu yenye maelfu ya vyumba vya kuuzia watu wa Tokyo. Uchumi ulipoanguka, bei ilianguka nayo. Leo baadhi ya vyumba vinauzwa kwa pesa kidogo sana, lakini anayenunua anabeba gharama za matunzo kila mwezi.

Niseko, Hokkaido, imepita njia nyingine. Wawekezaji kutoka Australia, kisha Hong Kong na Singapore, walinunua viwanja na kujenga hoteli za kifahari. Kazi zipo, lakini bei ya ardhi na ya nyumba za kupanga imewapanda wenyeji kichwani. Mwaka wa 2019 mji wa Kutchan ulianza kutoza asilimia 2 ya bei ya malazi, ili mgeni asaidie kulipia huduma anazozitumia.

Nozawa Onsen, jimbo la Nagano, imeshika mila. Kijiji kina nyumba 13 za kuogea za umma. Haziko chini ya kampuni: wakaaji wa kila mtaa huzisafisha kwa zamu na kugawana gharama, na chama cha kale cha kijiji husimamia chemchemi na misitu. Mgeni anaingia bure na kutia sadaka katika sanduku mlangoni. Kwenye chemchemi ya Ogama, yenye maji ya karibu digrii 90, wenyeji huchemsha mboga. Mgeni anaruhusiwa kutazama tu.

Hata hivyo zamu inahitaji watu. Nyumba ikinunuliwa na mtu anayekuja wiki mbili kwa mwaka, nani atashika ufagio wake? Hilo ndilo swali zito zaidi kwa kijiji, kuliko hata bei ya chumba.

Kwa wasomaji wa Kivu, ambako maji ya moto hutoka ardhini pia kwa nguvu za volkano, mfano huu si wa mbali. Yuzawa ilijenga kwa haraka na kubaki na majumba matupu. Niseko ilipata pesa na kupoteza nafasi ya mkaaji wa kawaida. Nozawa imebaki na maji yake kwa sababu ilikubaliana mapema ni ya nani. Makubaliano hayo yatadumu muda gani, itategemea idadi ya mikono itakayobaki kijijini theluji ikiyeyuka.