Utaratibu Ndio Huo

“Bibi, mashine imekataa. Utaratibu ndio huo.” Hayo tuliambiwa dirishani hapa Babati mjini, nilipompeleka bibi kusajili laini. Jembe limemla alama za vidole, hazisomeki. Kitambulisho cha NIDA anacho, sura ni ile ile. Wapi! Kijana hakunyanyua hata simu kumuuliza mkubwa wake.

Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza 2019 ili kuwabana matapeli. Sasa unambana mkulima. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert (1951), Karama anashtakiwa kwa kufundisha watu elimu ya sheria. Sisi tumezikariri tu, kuzielewa hatutaki. Jamani, anayejua kanuni asijue sababu yake, ana tofauti gani na ile mashine?