Tamko kuhusu usalama wa abiria na watu wanaolala kwenye steji za matatu Nairobi

Sisi, madereva, makondakta na abiria tulioungana katika chama kimoja, tunatoa tamko hili kwa Serikali ya Kaunti ya Nairobi, kwa polisi, kwa sacco za matatu na kwa kila anayepanda gari katikati ya jiji.

Abiria wana hofu, na hofu yao ina msingi. Simu hunyakuliwa dirishani magari yakiwa yamekwama pale Globe na Ngara. Mama anayeshuka Muthurwa alfajiri kwenda kununua mboga za kuuza hupita gizani ameukumbatia mkoba wake. Asiambiwe na yeyote kwamba anatia chumvi.

Tunachokipinga ni jibu analopewa. Malalamiko yakizidi, askari wa kaunti huja usiku, huwazoa waliolala kwenye steji na baraza za maduka, kisha umma unaambiwa jiji limesafishwa. Siku chache baadaye watu wale wale wamerudi, kwa kuwa hawana pengine pa kwenda, na simu zinaendelea kunyakuliwa. Biashara ya simu za wizi inahitaji mnunuzi mwenye pesa na fundi wa kuzifungua. Hao hawalali barazani.

Sensa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 nchini Kenya, na 15,337 kati yao walikuwa Nairobi. Wamo kina mama wenye watoto wachanga. Giza linalomtisha abiria kwa dakika tano ndilo wanalolala ndani yake usiku kucha.

Wafanyakazi wetu wanajua jambo ambalo abiria wengi hawalioni. Katika baridi ya Julai, watoto hujipenyeza chini ya gari lililoegeshwa, upande wa injini, kwa sababu chuma hukaa na joto muda mrefu baada ya gari kuzimwa. Hutandika katoni au gunia na kulala wamebanana. Dereva wa zamu ya kwanza hufika kungali giza, akawasha, akarudi nyuma. Kuanzia leo, gari la mwanachama wetu lisiondoke kabla kondakta hajainama na kumulika chini kwa tochi, pande zote mbili. Akimkuta mtoto, amwamshe kwa maneno. Kumwagia mtu maji au kumpiga mateke ni kosa la nidhamu, na atakayelifanya atasimamishwa kazi. Tunakataza pia kuwatumia watoto hawa kuita abiria, au kuwakalisha vitini ili gari lionekane linakaribia kujaa. Abiria anadanganywa na mtoto ananyonywa kwa sarafu chache.

Sheria iko wazi kuliko vitendo vya usiku. Sheria ya Uzururaji ilifutwa Kenya mwaka 1997. Mnamo Desemba 4, 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji hazipatani na Mkataba wa Afrika. Katiba yetu ya 2010 inataja haki ya makazi katika Kifungu cha 43, na haki ya mtoto kupata malazi, lishe na ulinzi katika Kifungu cha 53. Basi anayekamatwa kwa kulala tu, anakamatwa kwa kosa gani?

Kanuni za John Michuki, Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, zilituletea mikanda, vidhibiti mwendo na idadi maalumu ya abiria. Zilibadilisha mambo ndani ya gari. Steji ziliachwa vile vile, na hapo ndipo tunataka kazi ianze. Kaunti iwashe taa kwenye steji za Muthurwa, Railways na Ngara, na vyoo vya umma vibaki wazi usiku. Itenge mahali pa kulala karibu na katikati ya jiji, ambapo mtu ataingia kwa hiari yake bila kuogopa kufungiwa. Maafisa wa watoto na wa ustawi wa jamii waje kwenye steji wenyewe, bila kutanguliwa na rungu. Polisi wasimame Globe jioni, wakati magari yanapokwama, na wawaandame wanunuzi wa simu.

Kwa abiria tuna ombi moja zito. Ukiibiwa, piga kelele, omba msaada, andikisha ripoti. Lakini umati usimpige mtu aliye karibu kwa sababu tu nguo zake zimechakaa. Makondakta wetu wameagizwa kumkinga mtu huyo hadi polisi wafike.

Tunaiomba Kaunti ikutane nasi kabla ya mvua za masika, wakati waliolala nje husongamana chini ya vibanda vya steji na ugomvi wa kugombea pakavu huanza.

Limetolewa Nairobi na Kamati ya Utendaji, kwa niaba ya wanachama wote.