Damu ya kitabuni na damu ya kwenye skrini: Somo kutoka Ikungi

IKUNGI si jina linalotajwa mara kwa mara katika mijadala ya filamu. Mji huo mdogo, ulio kando ya barabara kuu inayotoka Singida kwenda Manyoni hadi Dodoma, ni makao makuu ya wilaya iliyozaliwa mwaka 2012 baada ya Singida Vijijini kugawanywa. Wasafiri wengi wanaufahamu kwa alizeti, asali na kuku wa kienyeji.

Hata hivyo, liko swali linalozua ubishi baina ya waandishi, watayarishaji wa filamu na wazazi: ni kiasi gani cha ukatili kinachofaa kuonekana pale hadithi inapohamishwa kutoka kitabuni kwenda kwenye skrini? Anayetaka kulipima swali hilo kwa mizani ya haki hana haja ya kwenda Hollywood wala Mumbai. Anaweza kuanzia Unyaturuni.

Sababu ni kwamba ardhi hiyo ina visa viwili ambavyo mtayarishaji yeyote mwenye kamera angevitamani, na vyote viwili vimejaa damu.

Kisa cha kwanza ni cha Liti, mwanamke wa Kinyaturu aliyeongoza upinzani dhidi ya Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Masimulizi ya wazee yanasema alikuwa akiwaachilia nyuki dhidi ya askari wa kikoloni, na kwamba hatimaye aliuawa. Kumbukumbu yake ingali hai. Uwanja wa soka wa mjini Singida uliozoeleka kwa jina la Namfua umepewa jina lake.

Kisa cha pili kinatisha zaidi. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1940, vijiji vya Unyaturu viliingiwa na hofu kuu. Watu waliuawa, miili ikakutwa na majeraha yaliyofanana na ya makucha, na habari zikaenea kuwa ni kazi ya simba. Uchunguzi wa serikali ya kikoloni ulionyesha kuwa nyuma ya mengi ya mauaji hayo walikuwapo binadamu. Ndipo 'simba-watu', au mbojo kama wanavyofahamika mkoani humo, walipoingia katika kumbukumbu za mahakama na katika kurasa za jarida la Tanganyika Notes and Records, lililochapisha makala kuwahusu mwaka 1950, na nyingine ya kuyapima upya maelezo hayo mwaka 1962.

Mtu anaweza kukisia namna filamu ya haraka ingekavyokitendea kisa hicho: usiku wa manane, ngoma, moshi, makucha yanayong'ara na shingo zinazochuruzika damu. Watazamaji wangepiga mayowe. Lakini kitakachokuwa kimepotea ndicho kiini chenyewe. Maelezo ya wakati ule yanataja vijana waliogeuzwa silaha na watu wazima wenye visasi na tamaa zao. Nani alimlipa nani, ugomvi ulianzia wapi, na jirani alinyamaza kwa hofu gani: hayo ndiyo mambo ambayo mwandishi wa riwaya hupewa kurasa 200 kuyaeleza, na ambayo mwongozaji wa filamu hushawishika kuyaruka.

Hasara ya kuyaruka si ya sanaa peke yake. Tanzania ni nchi ambamo ajuza wamekatwa mapanga kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, ilhali wekundu huo ulitokana na moshi wa jikoni wa miaka mingi. Ni nchi ambamo, kuanzia katikati ya muongo wa 2000, watu wenye ulemavu wa ngozi waliwindwa kwa imani za utajiri. Filamu itakayowaonyesha mbojo kama uchawi mtupu, bila mkono wa mtu wala fedha ya mtu, itakuwa imemwambia mtazamaji kwamba wachawi wapo na wanastahili kutafutwa. Atakayelipa gharama ya ujumbe huo si mtayarishaji aliyeko Dar es Salaam, bali bibi kizee anayeishi peke yake kijijini.

Hapo ndipo linapokuja suala la mtazamaji. Kwa miaka mingi, katika miji midogo ya Tanzania, filamu haikuonekana katika majumba ya sinema bali katika vibanda vya video: benchi chache, runinga moja, pazia zito mlangoni na kiingilio cha bei ya kashata. Humo ilizaliwa lugha yake. Shujaa aliitwa 'steringi', mpinzani wake 'adui', na sheria ya kwanza iliyofahamika kwa kila mtoto ilikuwa kwamba steringi hafi.

Humo pia walipata umaarufu wasimulizi waliotia sauti ya Kiswahili juu ya filamu za Kichina, Kihindi na Kimarekani, Derek Mukandala maarufu kwa jina la Lufufu akiwa miongoni mwa waliojulikana zaidi. Wengi waliwachukulia kama watafsiri, lakini kwa hakika kazi yao ilikuwa kuihamisha hadithi kutoka dunia moja kwenda nyingine. Msimulizi hodari alieleza kwa nini adui ana kisasi, akamkumbusha mtazamaji kuwa aliyepigwa ana mama, akatia mzaha pale damu ilipozidi. Asiye hodari alishangilia kila ngumi.

Leo simu ya mkononi imechukua nafasi ya pazia zito, na kipande cha dakika mbili chenye mauaji peke yake husambaa bila mwanzo wala mwisho wa hadithi. Yale ambayo msimulizi alikuwa akiyajazia hayapo tena.

Je, kutazama ukatili humfanya mtu kuwa mkatili? Wanazuoni wamebishana kwa miongo kadhaa. Mwaka 1961, Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani alionyesha kuwa watoto waliomwona mtu mzima akilipiga bandia nao walilipiga walipopewa nafasi. Wapinzani wake walijibu kwamba kulipiga bandia si kumpiga mtu. Mwenzake, George Gerbner, alitoa hoja tofauti: kwamba anayetazama runinga kwa wingi si lazima awe mkatili, bali huanza kuamini kuwa dunia ni ya hatari kuliko ilivyo. Kwa jamii yenye mazoea ya kumpiga mwizi hadi kufa kabla polisi hawajafika, hoja hii ya pili inapaswa kutafakariwa zaidi. Mtu aliyejaa woga hujichukulia sheria mkononi upesi.

Historia ya sinema inao mfano mzuri wa kinachotokea filamu inapochukua damu ya kitabu na kuacha maana yake. Mwaka 1962, Mwingereza Anthony Burgess alichapa riwaya ya A Clockwork Orange, inayomhusu kijana mhalifu. Toleo la Uingereza lilikuwa na sura 21, na katika sura ya mwisho kijana huyo anakua na kuuchoka ukatili wake mwenyewe. Toleo la Marekani liliiacha sura hiyo. Stanley Kubrick alipotengeneza filamu mwaka 1971 alifuata mkondo wa toleo la Marekani, hivyo watazamaji wakaupata ukatili wote pasipo mtu kukua. Baada ya malalamiko kwamba vijana walikuwa wakiiga matendo ya filamu hiyo, Kubrick mwenyewe aliiondoa katika majumba ya Uingereza mwaka 1973. Haikurejea hadi mwaka 2000, baada ya kifo chake.

Karibu na nyumbani upo mfano wa The Last King of Scotland, filamu ya mwaka 2006 iliyotokana na riwaya ya Giles Foden ya mwaka 1998 kuhusu utawala wa Idi Amin. Forest Whitaker alipata tuzo ya Oscar kwa kumwigiza Amin, na alistahili. Lakini tofauti kati ya kitabu na filamu inafundisha. Katika riwaya, daktari wa Kiskochi, ambaye ni mhusika wa kubuni, anaombwa amsaidie Kay, mke wa Amin, kutoa mimba ya mwanamume mwingine, naye anakataa. Dhambi yake ni ya kukaa kimya na kutazama. Katika filamu, daktari ndiye hawara mwenyewe, mwili wa Kay uliokatwakatwa unaonyeshwa kama malipo ya mapenzi hayo, na daktari ananing'inizwa kwa kulabu zilizotobolewa kifuani.

Kay Adroa alikuwapo kweli, na alikufa kifo cha kutisha mwaka 1974. Maumivu yake yamegeuzwa kuwa sehemu ya mkasa wa Mzungu wa kubuni. Kwa Mtanzania ambaye ndugu yake alipigana vita vya Kagera, au kwa Mganda aliyempoteza baba, swali la msingi ni nani anayepewa nafasi ya kuumia kwenye skrini, na nani anayegeuzwa kuwa pambo la maumivu ya mwingine.

Tanzania nayo inao mfano wake, na ni wa kutia moyo. Mwaka 2021, mwongozaji Amil Shivji alitoa filamu ya Vuta N'kuvute, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999 yenye jina hilohilo. Filamu hiyo ilionyeshwa katika Tamasha la Kimataifa la Filamu la Toronto mwaka huo, na mwaka 2022 Tanzania iliipeleka kushindania tuzo ya Oscar ya filamu ya kimataifa, jambo ambalo nchi ilikuwa imelifanya mara moja tu hapo kabla, mwaka 2001, kwa filamu ya Maangamizi.

Riwaya ya Shafi haikosi ukatili. Yasmin, binti wa miaka 15, anaozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka wa miaka 52. Denge, kijana mpinga ukoloni, anaandamwa na polisi wa Kiingereza na vibaraka wao katika Zanzibar ya miaka ya 1950. Mwongozaji mwenye uchu wa soko angeweza kukifanya kitabu hicho kuwa filamu ya marungu na vilio. Shivji aliyafanya mapenzi ya Yasmin na Denge kuwa uti wa mgongo, akaiacha kamera itembee polepole katika vichochoro, mwangaza na nyimbo. Ukatili umo, lakini unauma kwa sababu mtazamaji amekwisha kumjua anayepigwa. Wako waliolalamika kwamba filamu hiyo ya takriban saa moja na nusu imeacha mengi ya kitabuni. Ni kweli, na haikuwezekana iwe vinginevyo. Lililo muhimu ni kwamba kilichobaki kina sababu.

Somo hilo linazihusu hazina nyingine za Kiswahili zinazosubiri kamera. Riwaya za A. E. Musiba, kuanzia Kufa na Kupona ya mwaka 1974, zimejaa risasi, lakini risasi za Willy Gamba zinalengwa kwa makaburu na vibaraka wao. Pasipo siasa ya ukombozi wa kusini mwa Afrika, hubaki mtu mmoja tu anayeua wengine. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, ina kipigo cha baba kwa binti, na mwandishi anaufuata mkono huo hadi kwenye maafa ya familia nzima. Atakayekionyesha kipigo na kuyaacha maafa atakuwa amefundisha kupiga.

Kwa upande wa sheria, nchi haina upungufu wa vifungu. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 inaipa Bodi ya Filamu mamlaka ya kukagua filamu na kuzipangia madaraja ya umri. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi ili kazi yake isigeuzwe filamu bila idhini yake, na ulinzi huo unaendelea kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Tatizo ni kwamba mkasi wa mkaguzi huona damu lakini hauoni kukosekana kwa sababu. Filamu inaweza kupita bila tone la damu na bado ikamfundisha kijana kuwa mwanamke ni mali. Nyingine inaweza kuwa na maiti kumi na bado ikamfanya mtazamaji ayachukie mauaji maisha yake yote.

Kwa sababu hiyo, wanaodai ukatili ufutwe kabisa nao wanakosea. Kumwonyesha Liti bila risasi ya Mjerumani ni kumsafisha Mjerumani. Kuwasimulia mbojo bila maiti ni kuwasahau waliokufa.

Kinachohitajika ni hatua zilizo ndani ya uwezo. Mtayarishaji amlipe mwandishi na amkalishe mezani tangu mswada wa kwanza, badala ya kunyakua jina la kitabu na kuandika upya kwa siku tatu. Bodi ijiulize, pamoja na kuhesabu majeraha, kama hadithi inaeleza jeraha limetoka wapi na limeacha nini. Na shule, ambazo Vuta N'kuvute imo katika vitabu vyake vya kidato cha tano na sita, ziwape wanafunzi kitabu na filamu kwa pamoja, ili wajifunze kuuliza kilichoachwa.

Siku moja kamera itafika Ikungi kuutafuta mkasa wa simba-watu. Wazee watasimulia, maana kusimulia ni jadi yao. Itakuwa juu ya atakayeshika kamera hiyo kuamua kama atawafuata makucha, au atamfuata mtu aliyeyavaa hadi kwa yule aliyemtuma. Bibi kizee anayepika kwa kuni, na ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi, ana haki ya kusubiri jibu hilo kwa wasiwasi.