Kulala juu ya maji ya Ziwa Nyasa

Tangu lami ilipokamilika kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66 za kona na mteremko wa milima ya Umatengo, ziwa limesogea karibu na Songea. Familia iliyokuwa ikitenga siku nzima kwa safari ya vumbi sasa huweza kuondoka baada ya Swala ya Alfajiri na kunywa chai ya saa nne ufukweni, alhamdulillah. Pamoja na neema hiyo limekuja swali ambalo wazazi kadhaa wametuletea, wengine wakituonesha picha katika simu zao. Vile vyumba vya mapumziko vinavyosimama juu ya nguzo ndani ya maji, kama vile vya Maldives, je, vinaifaa familia yenye watoto? Na vikijengwa katika ziwa letu, tuvikimbilie au tuviogope?

Tuanze na mvuto wake, kwani mzazi anayeukana hatasikilizwa na vijana wake. Mama anayejisitiri hupata taabu ufukweni. Pwani ya ziwa ni ya wote: wavuvi huanika dagaa, vijana hucheza mpira, wapita njia hutazama. Akitaka kuingia majini pamoja na binti zake hana budi kungoja giza au kutembea mwendo mrefu hadi nyuma ya miamba. Chumba chenye baraza yake na ngazi inayoshuka majini humwondolea taabu hiyo, mradi kimejengwa kikielekea ziwani na si kikitazamana na baraza ya jirani. Tena kuna upepo. Ziwa Nyasa liko chini sana kuliko Songea, takriban mita 474 tu kutoka usawa wa bahari, na joto la Mbamba Bay humshangaza mtu aliyezoea baridi ya Matogoro. Kulala pale upepo unapopita juu na chini ya sakafu si anasa tupu.

(Picha hazioneshi wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopaa kwa makundi kama moshi na kujaa kila palipo na taa. Anayekwenda na achukue chandarua chenye matundu madogo.)

Sasa tutazame vyumba hivi vilizaliwa wapi. Mtindo huu wa kitalii ulianza mwaka 1967 katika kisiwa cha Raiatea, kwenye visiwa vya Polinesia vilivyo chini ya Ufaransa. Wamarekani watatu walikuwa na hoteli mahali pasipokuwa na ufukwe mzuri, wakaamua kusimamisha vyumba juu ya maji yenyewe. Maji yale yamezungukwa na miamba ya matumbawe inayovunja mawimbi ya bahari kuu kabla hayajafika, na kupwa na kujaa kwa bahari upande ule ni kwa takriban sentimita 30 tu. Huko Maldives nako vyumba vya namna hiyo husimama ndani ya ukuta wa matumbawe. Kwa maneno mengine, uzuri tunaouona pichani umelindwa na boma ambalo halionekani pichani.

Ziwa Nyasa halina boma hilo. Lina urefu wa zaidi ya kilomita 550 kutoka kaskazini hadi kusini, na kina chake kinafikia takriban mita 700. Upepo wa kusi, ambao majirani zetu wa Malawi huuita mwera, huvuma kwa nguvu kati ya Mei na Agosti, na ukipata nafasi ya kusukuma maji kwa mamia ya kilomita bila kizuizi, mawimbi yanayofika ufukweni huwa ya bahari kabisa. Wavuvi wa Liuli na Mbamba Bay hawahitaji kuelezwa haya. Tena hiyo ndiyo miezi ambayo shule hufungwa na familia hutafuta mahali pa kwenda. Ni kweli kwamba ghuba zinatofautiana. Wajerumani waliichagua Liuli, wakaiita Sphinxhafen kwa ajili ya mwamba wake mkubwa, kwa sababu meli ilipata hifadhi pale. Na hapo ndipo meli yao Hermann von Wissmann ilipovamiwa na Waingereza mwezi Agosti 1914. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye hoteli lihusu mahali: nguzo zako zimesimama nyuma ya kizuizi gani?

Swali la pili ni gumu zaidi, nalo ni kimo cha maji. Bahari hupanda na kushuka kwa saa zinazojulikana. Ziwa letu hupanda na kushuka kwa misimu, na pia kwa miongo. Mto pekee unaolitoa maji ni Shire, kule kusini nchini Malawi. Kuanzia mwaka 1915 ziwa lilikuwa limeshuka kiasi kwamba mto huo haukupokea maji yake kwa takriban miaka 20. Kisha likapanda, na kufikia mwaka 1980 lilikuwa juu kwa zaidi ya mita 6 kuliko lilivyokuwa mwaka ule wa 1915. Mzee aliyezaliwa ufukweni ameyaona maji yakimeza mashamba na kuyarudisha. Mwekezaji anayepima maji mwezi mmoja wa kiangazi na kuchomeka nguzo atakuwa amepima ukurasa mmoja wa kitabu kirefu.

Tusidhani haya ni ya zamani tu. Nchini Kenya, Ziwa Baringo lilianza kupanda karibu na mwaka 2010, na kufikia mwaka 2020 hoteli za kitalii, shule na nyumba za watu zilikuwa zimeingiliwa na maji kule Kampi ya Samaki na vijiji vya jirani. Mwezi Mei mwaka huo huo wa 2020, Ziwa Viktoria lilivuka kimo kilichokuwa kimeshikilia rekodi tangu mwaka 1964. Hoteli zile za Baringo zilikuwa nchi kavu, si juu ya nguzo, na bado maji yalizifuata.

Wapo waliojaribu njia nyingine, ya kuelea badala ya kusimama. Kule Pemba, karibu na rasi ya Kigomasha, kuna chumba cha wageni kilichofunguliwa mwaka 2013 ambacho huelea juu ya bahari na kufungwa kwa nanga, chumba chake cha kulala kikiwa chini ya maji. Kilibuniwa na Msweden Mikael Genberg, ambaye mwaka 2000 alikuwa amekwisha kuweka kingine cha aina hiyo katika ziwa Mälaren nchini kwao. Katika bahari ya Zanzibar, ambako maji hupwa na kujaa kwa kiasi cha kufikia mita 4, kuelea kuna busara yake. Chumba kinachoelea hupanda pamoja na maji. Lakini nacho kinataka mahali palipotulia, na mashua ya kukufikisha nchi kavu mtoto akipandwa na homa usiku.

Kisha kuna sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu, au zinazoweza kuharibu hifadhi ya fukwe, ndani ya mita 60 kutoka kando ya bahari, ziwa, mto au bwawa. Mwekezaji anayetaka kuweka vyumba ndani ya ziwa lenyewe anawajibika kueleza amepitaje hapo, na kuonesha tathmini ya athari kwa mazingira iliyopitishwa na NEMC. Wapo watakaosema hayo ni makaratasi. Sisi tunauliza jambo moja la nyumbani: maji ya choo yanakwenda wapi? Chumba cha nchi kavu kina shimo lake. Chumba cha juu ya maji kina bomba linalopita chini ya sakafu, likitikiswa na mawimbi mchana na usiku, na siku likipasuka hakuna atakayeona. Maji hayo hayo huchotwa na mama wa kijiji mita chache kutoka hapo kwa ajili ya kupikia.

Tumefika kwa watoto, na hapa hatutaki haraka. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao ni watoto wasiofika miaka mitano. Mtoto mdogo hazami kwa kelele. Hapigi mayowe wala hapungi mkono. Hutumbukia na kunyamaza, na muda wa mama kugeuka kuchukua taulo unatosha. Katika nyumba ya nchi kavu mtoto akitoroka mlangoni anakuta mchanga. Katika chumba cha juu ya maji, mlango wowote, wa mbele au wa nyuma, unafunguka kwenye kina.

Katika Hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Mtume (s.a.w.) alionya juu ya kulala usiku kwenye dari ya nyumba isiyo na kizuizi pembeni, na kwamba afanyaye hivyo amejitoa mwenyewe katika dhima. Hatuoni tofauti kati ya dari ile na baraza hii. Kwa hiyo mzazi na apime kwa mkono wake kabla ya kulipa: kizuizi kifike kifuani mwa mtu mzima, na pengo kati ya fito na fito lisizidi sentimita 10, kipimo ambacho wajenzi wa nchi nyingi hukitumia ili kichwa cha mtoto kisipite. Picha nyingi zinazosifiwa hazina kizuizi chochote, kwa sababu kinaharibu mandhari. Ngazi ya kushukia majini iwe na kilango chenye komeo la juu. Majaketi okozi ya kimo cha watoto yawe chumbani, si ofisini. Na paa likiwa la makuti, pauliziwe njia ya pili ya kutokea, maana daraja la mbao ni moja, na moto ukianza upande wa daraja njia inayobaki ni maji.

Kuhusu kichocho tuseme kwa ufupi. Kuoga kwenye maji ya kina, mbali na majani ya ufukweni, hupunguza hatari lakini hakuiondoi. Katika ziwa hili watafiti wameeleza kwamba samaki wanaokula konokono wamepungua kwa kuvuliwa kupita kiasi, na kichocho kimeongezeka hata kwenye fukwe za mchanga mweupe. Aliyeoga na apimwe hospitali baada ya miezi miwili hivi. Dawa yake, praziquantel, ipo na inatibu.

Rai yetu ni kwamba kwa familia yenye watoto walio chini ya miaka minane, chumba cha juu ya maji hakifai katika Ziwa Nyasa, hata kikijengwa vizuri. Kwa wanandoa wapya, au wazazi waliokwisha kulea, na ghuba ikiwa imetulia, hatuna la kukataza. Na sitara ambayo mama anaitafuta inaweza kupatikana kwa gharama ndogo zaidi: nyumba ndogo juu ya miamba, nyuma ya mita 60, yenye ukuta wa mabua na saa maalumu za wanawake kuoga. Wenye nyumba za wageni wakilifahamu hilo watapata wateja wengi kutoka Songea kuliko wanavyodhani.

Safari ya familia inayoandaliwa na kamati ya msikiti wetu itakuwa mwishoni mwa Septemba, kusi likiwa limepoa. Tutalala nchi kavu. Wanaojiandikisha waeleze idadi na umri wa watoto, ili majaketi yatafutwe mapema.