Graundi kwanza, wati baadaye
Anayejiundia amplifaya kwa chipu ya LM3886 hukimbilia swali moja: inatoa wati ngapi? Ni 68 kwenye spika ya omu 4, ikilishwa volti 28 chanya na 28 hasi. Ningependa aanze na njia ambayo umeme unarudi nayo kwenye bodi yake. Kila diodi zinapojaza kapasita kubwa za pawa saplai, mkondo mkali hupita kwa mkupuo, mara 100 kwa sekunde kwa umeme wetu wa hezi 50. Ukiuacha upite kwenye utepe uleule wa shaba unaobeba graundi ya ingizo, utausikia ukinguruma hata sauti ikiwa imefungwa kabisa. Kapasita ya bei mbaya haiponyi hilo, na inaniuma kuona vijana wakimalizia fedha zao huko. Dawa ni kuichora bodi upya: graundi ya spika, ya pawa na ya ingizo kila moja ishike njia yake, zikutane mahali pamoja tu. Kapasita ndogo za mikrofaradi 0.1 nazo zikae jirani kabisa na miguu ya chipu, la sivyo inaweza kuanza kutetema yenyewe kwa masafa yasiyosikika, ikachemka bila hata kupiga muziki. Ukuzaji usishuke chini ya mara 10, kwani hapo haitulii. Halafu, kabla ya kufunga spika, pima volti za DC kwenye waya zake. Ukikuta hata volti moja, rudi kwenye bodi.