Kuchomelea Ukubwani

Tangu mwaka 2010, Pemba ilipounganishwa na umeme wa Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari, mashine za kuchomelea vyuma zimeingia hata uani mwa nyumba za Wawi. Tunawaona watu wa makamo, waliokwisha kulima na kuchuma karafuu miaka mingi, wakijifunza wenyewe nyumbani kuunga madirisha na mageti. Hatuwacheki. Mkono wa mtu mzima hauna pupa, na kazi hii yataka mkono wa namna hiyo.

Tunalolilaumu ni miwani ya jua. Wapo wanaoivaa wakidhani inatosha. Haitoshi hata kidogo. Mwanga ule huunguza macho bila mtu kuhisi. Maumivu huja usiku, macho yakakereketa kana kwamba yametiwa mchanga. Kinachofaa ni ngao ya uso yenye kioo cheusi cha kuchomelea, na mwenye miwani ya kusomea aivae ndani yake. Watoto, ambao hupenda mno kutazama, waondolewe. Mabati yasichomelewe chumbani, kwani moshi wa zinki huleta homa. Na pipa lililowahi kutiwa petroli lisiguswe kabisa.

Kituo cha Mafunzo ya Amali cha Vitongoji hakiko mbali na Wawi. Tunawaomba wakuu wake wawatengee watu wazima hawa japo jioni mbili kwa wiki. Hawatafuti cheti, wanataka kuonyeshwa na anayejua, kisha warudi kwao wakamalize mlango.